Kijana aliyezaliwa na VVU na maisha ya mapenzi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni ya vijana wenyewe na ya wazazi na walezi wao. Penye mambo mengi tumejibu kwa kirefu. Penye jibu moja tumelitoa hilo moja.

Kwa nini vijana waliozaliwa na VVU wana maswali yao peke yao? Virusi si ni vilevile?

Virusi ni vilevile, ila safari si moja. Mtu aliyeambukizwa ukubwani alikuwa ameshapenda na kupendwa kabla hajapimwa. Wewe umekua na dawa tangu hujajua kusoma. Pengine uliambiwa ni dawa za kifua au za kuongeza damu, na ukweli ukaja baadaye, wakati mwingine katika umri uleule ulipoanza kumtazama mtu na moyo ukaenda mbio. Habari mbili nzito kwa mkupuo mmoja.

Kuna sababu nyingine ambayo watu wazima hawaisemi sana. Miaka ya 1980 na 1990 mtoto aliyezaliwa na VVU hakutarajiwa kuwa mtu mzima. Dawa mseto za VVU zilianza kuokoa watu mwaka 1996, lakini nchi nyingi maskini zilikaa miaka mingi bila kuzipata. Nkosi Johnson, mtoto wa Afrika Kusini aliyezaliwa na VVU mwaka 1989, alisimama mbele ya mkutano wa kimataifa wa UKIMWI mjini Durban mwaka 2000 akaomba wajawazito wapewe dawa. Mwaka uliofuata alifariki, akiwa na miaka 12. Huduma za watoto zilijengwa katika hali hiyo: kupima uzito, kuhesabu vidonge, kumfanya mtoto aishi. Swali la kondomu halikuwa na nafasi. Sasa mtoto yule amekua na anauliza, na mara nyingi aliyekaa mbele yake bado anamwona kama yule wa kwenye mzani.

Ni kweli kwamba vijana hawa ni wazembe zaidi kwenye mambo ya ngono?

Hapana. Kwa ujumla hawawatangulii wenzao katika kuanza ngono, na wapo wengi wanaochelewa kwa hofu ya kuambukiza au ya kukataliwa. Wanakunywa pombe, wanadanganyana, wanasahau kondomu, wanapenda wasipopendwa, kama rika lao lote.

Tofauti iko kwenye dawa. Tukiulizwa hatari iliyo kubwa kwao ni ipi, hatutasema ni ngono. Ni dozi zinazoachwa ili siri isijulikane. Kijana anayemeza dawa zake vizuri na virusi vikafubaa, yaani vikapungua hadi kipimo kisivione, hamwambukizi mwenza wake. Kijana huyohuyo akificha dawa kwa sababu ya mwenza, anaacha kumeza, virusi vinapanda, na kile alichokuwa anakiogopa kinawezekana. Ndiyo maana kumtisha kijana kuhusu ngono bila kuzungumza naye kuhusu siri hakumlindi yeye wala mwenzake.

Nikimeza dawa vizuri, naweza kumwambukiza mpenzi wangu?

Kama unameza kila siku na kipimo kinaonyesha virusi havionekani, humwambukizi VVU kwa njia ya ngono. Hatusemi "ni vigumu" kumwambukiza. Humwambukizi.

Utafiti mkubwa uliotoa matokeo yake mwaka 2016 na 2019 ulifuatilia wenza ambao mmoja ana VVU na amefubaza virusi, mwingine hana. Walikutana kimwili makumi ya maelfu ya mara bila kondomu. Hakupatikana hata mmoja aliyepata virusi kutoka kwa mwenza huyo. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilisema wazi: virusi visipoonekana, hatari ya kuambukiza kwa ngono ni sifuri; vikionekana lakini viko kopi 1,000 au chini yake kwa mililita ya damu, hatari ni ndogo mno, karibu na sifuri.

Vijana wengi wamelelewa wakiamini kwamba miili yao ni sumu. Kama ndivyo ulivyoambiwa, rudia kusoma aya hiyo iliyotangulia.

Ila ujue mipaka yake. Habari hii inahusu ngono. Haihusu kuchangia sindano, na kunyonyesha kuna maelezo yake hapa chini. Wala dawa hizi hazizuii mimba, kisonono au kaswende.

Nitajuaje kama virusi vyangu vimefubaa?

Kwa kipimo cha wingi wa virusi kwenye damu. Kujisikia vizuri si kipimo, na kunenepa si kipimo. CD4 nayo inapima kinga, haihesabu virusi.

Uliza namba yako. Wengi huambiwa tu "uko vizuri, endelea", wakatoka bila kujua kipimo kilisema nini wala kilichukuliwa lini. Sema: "Naomba kujua wingi wa virusi vyangu mara ya mwisho ulikuwa ngapi, na ulipimwa tarehe gani." Anayeanza dawa au anayerudi baada ya kuacha anaweza kuhitaji hadi miezi 6 mpaka virusi vishuke kabisa. Kipimo cha zamani, kabla hujaanza kurukaruka dozi, hakielezi hali yako ya leo.

Basi kwa nini bado naambiwa nitumie kondomu?

Kwa sababu ya mimba na magonjwa mengine ya zinaa. Kaswende, kisonono na klamidia huweza kukaa mwilini bila dalili yoyote, hasa kwa wasichana. Kondomu haifuniki kila sehemu, kwa hiyo kirusi cha HPV na malengelenge ya sehemu za siri vinaweza kupita, ila inapunguza hatari. Usipake mafuta ya kujipaka mwilini kwenye kondomu ya mpira, hupasuka. Tumia kilainishi cha maji.

Nayo ni kinga yako kipindi ambacho huna uhakika na dozi zako. Kila kijana ana kipindi hicho.

Nikienda kwa mpenzi wangu siku mbili tatu huwa naacha dawa nyumbani, kwa sababu chupa inalia kwenye begi. Ina madhara?

Swali hili tungependa kila muuguzi alisikie. Chupa inalia. Kijana anapanda gari, begi likitikiswa vidonge vinagonga plastiki, aliye kando anageuka. Anafika, anatafuta pa kuiweka: chini ya nguo, ndani ya kiatu, juu ya kabati la mtu ambaye hajui kinachoendelea. Safari inayofuata anaona heri aiache nyumbani. Hakuna uzembe hapo. Kuna mtu anayelinda siri kwa njia pekee anayoiona.

Madhara yapo. Dozi moja ikikupita, imeze unapokumbuka, kisha endelea na saa yako ya kawaida. Usimeze mbili kwa mpigo kufidia. Siku mbili tatu mara moja moja si sawa na kuacha kabisa, lakini safari zikiwa kila wiki, mwezi unaisha umekosa dozi nyingi. Ukiacha moja kwa moja, virusi huanza kupanda ndani ya wiki chache. Na anayeacha na kurudi mara kwa mara anavipa virusi nafasi ya kujenga usugu, yaani dawa zisiviweze tena. Kwa aliyezaliwa na VVU hili lina uzito wa ziada: ameshatumia dawa miaka mingi, pengine ameshabadilishiwa dozi zaidi ya mara moja, na machaguo yaliyobaki yanaweza kuwa machache kuliko ya mtu aliyeanza juzi.

Yapo mambo madogo yanayosaidia. Beba vidonge vya siku hizo tu, kwenye kijikopo kidogo kikavu chenye mfuniko, vingine vibaki kwenye chupa yake nyumbani. Pamba kidogo juu ya vidonge huua sauti. Kama dozi yako ni ya mara moja kwa siku, muulize daktari kama unaweza kuhamisha saa, ili unywe asubuhi ukiwa peke yako badala ya usiku mkiwa pamoja. Kengele ya simu si lazima iandikwe "dawa". Mahali pengine kuna sindano za muda mrefu zinazochomwa kila baada ya miezi 2 badala ya vidonge. Uliza kama zimeshafika unapotibiwa na kama zinakufaa.

Haya yote ni ya kukuvusha. Mwenza ambaye ni lazima uache dawa ili ukae naye anakugharimu afya yako, hata kama hajui.

Nikinywa pombe niruke dawa ya siku hiyo?

Usiruke. Meza dawa yako hata kama umekunywa. Tatizo la pombe ni kwamba inasahaulisha dawa na kondomu, na ukinywa sana inaumiza ini.

Ni lazima nimwambie mpenzi wangu kwamba nina VVU?

Hapa tutajibu kwa uangalifu. Kuna nchi zenye sheria zinazomtaka mtu aseme kabla ya ngono, na nyingine hazina. Muulize mshauri nasaha wako sheria ya unapoishi inasemaje. Kwa upande wa afya, kama virusi havionekani, mwenzako halindwi na maneno yako. Analindwa na dawa yako.

Lakini tumeona kwamba anayeweza kumeza dawa mbele ya mwenzake humeza vizuri zaidi, na halali na wasiwasi. Kwa hiyo tunapendelea useme, kwa wakati wako, kwa mtu anayestahili. Hujachelewa kwa kutosema siku ya kwanza. Hakuna anayemweleza mtu mambo ya damu yake siku ya kwanza.

Kabla ya kusema, mpime. Anzisha mazungumzo kuhusu VVU kwa ujumla, uone anavyowasema watu. Je, siri za rafiki zake anazitunza au anazileta kwako kama stori? Ana hasira za mikono? Kama umewahi kumwogopa, usimwambie mkiwa peke yenu. Fanya hivyo kliniki, mbele ya mshauri. Na usiseme mkiwa tayari kitandani wala mkiwa mmegombana.

Maneno yenyewe si lazima yawe mengi. "Nilizaliwa na virusi vya UKIMWI. Natumia dawa tangu utotoni na virusi havionekani kwenye kipimo, kwa hiyo siwezi kukuambukiza kwa ngono. Nimekuambia kwa sababu nakuamini. Ukitaka twende wote kliniki ukaulize." Kisha nyamaza, mpe nafasi. Wengine hulia, wengine huuliza maswali ya ajabu, wengine huomba siku mbili. Anayeondoka anauma, hatutakudanganya. Wapo pia wanaobaki.

Na akinitangaza?

Ndiyo hofu kubwa kuliko zote, na ina msingi. Usimwambie kwa meseji: maandishi hupigwa picha na kusambazwa. Uwe na mtu mmoja anayejua kwamba leo unakwenda kusema, ili ukitoka huko uwe na pa kukimbilia. Akitoa vitisho vya kukutangaza ili umpe pesa au ulale naye, mwambie mshauri au mtu mzima unayemwamini siku hiyohiyo. Huko ni kukudhalilisha, na katika nchi nyingi ni kosa la jinai.

Kondomu imepasuka. Nifanye nini?

Kama virusi vyako havionekani, mwenzako hayuko kwenye hatari ya VVU. Kama huna uhakika, au umekuwa ukiruka dozi, aende kituo cha afya mapema iwezekanavyo apewe dawa za dharura za kuzuia maambukizi, ziitwazo PEP. Lazima azianze ndani ya saa 72, na anazimeza kwa siku 28. Hapo itabidi ajue sababu, na huo ni wakati mgumu, lakini saa 72 hazirudi.

Kuhusu mimba, vidonge vya dharura hutumika ndani ya siku 5, na kadiri vinavyowahi ndivyo vinavyofanya kazi. Kama dozi yako ya VVU ina efavirenz (jina la mojawapo ya dawa za VVU), mwambie anayekupa, kwa sababu inapunguza nguvu za baadhi ya vidonge hivyo.

Mwenza asiye na VVU anaweza kujikinga mwenyewe?

Ndiyo, kwa PrEP, yaani dawa anazotumia asiye na VVU ili asiambukizwe. Ipo ya vidonge, ya sindano ya kila miezi 2, na mpya zaidi ya kila miezi 6, kutegemea kilichopo mahali mnapoishi. Inafaa hasa miezi ya mwanzo kabla virusi vyako havijafubaa. Inasaidia pia kuondoa ile hali ya mmoja kubeba jukumu lote.

Sote wawili tuna VVU. Tunahitaji kujikinga na nini?

Na mimba kama hamko tayari, na magonjwa mengine ya zinaa. Pia, kama mmoja wenu hajafubaza na virusi vyake vina usugu wa dawa, mwingine ambaye naye hajafubaza anaweza kuvipata. Mkiwa nyote mmefubaza, hilo halina nafasi.

Njia gani ya uzazi wa mpango inafaa kwa anayetumia ARV (dawa za VVU)?

Karibu zote. Jambo moja tu la kukumbuka: efavirenz hupunguza nguvu ya vijiti vya mkononi, na wapo waliopata mimba wakiwa navyo. Sindano ya miezi 3 na kitanzi havina shida hiyo. Dolutegravir, iliyomo kwenye dozi ya wengi siku hizi, haiingiliani na njia za homoni. Soma jina kwenye chupa yako kabla ya kwenda kuchagua, kwa kuwa anayeweka vijiti si lazima awe ndiye anayekupa ARV.

Chanjo ya HPV inanihusu?

Inakuhusu sana. Mwanamke mwenye VVU ana uwezekano wa kupata saratani ya mlango wa kizazi mara 6 zaidi ya asiye na VVU, na saratani hiyo inasababishwa na HPV. Chanjo hufanya kazi vizuri zaidi kabla ya kuanza ngono, ndiyo maana wasichana huchanjwa kati ya miaka 9 na 14. Mwenye VVU anapaswa kupata angalau dozi 2, na 3 pale inapowezekana, hata kama wenzake shuleni wamechomwa moja. Walezi wengi hawajui hili. Uchunguzi wa mlango wa kizazi uanze ukifika miaka 25.

Nina miaka 15 na mwili wangu bado wa mtoto. Nitabaki hivi?

Hutabaki. Waliochelewa kuanza dawa utotoni mara nyingi huchelewa kubalehe au kuvunja ungo. Mwambie daktari akupime ukuaji. Usikubali kuingia kwenye mapenzi ili kumthibitishia mtu kwamba umekua.

Wakati mwingine najisikia sijali chochote, nalala na yeyote, dawa nimechoka. Kwa nini mimi, wakati mdogo wangu hana?

Tuanze na la mwisho. Bila dawa, mama mwenye VVU humwambukiza mtoto katika mimba 15 hadi 45 kati ya 100. Maana yake wengi wanaponea hata bila kinga, na mdogo wako pengine alizaliwa wakati mama ameshapimwa na kupewa dawa. Hakuna aliyekuchagua wewe. Hasira yako kwa mama, au kwa baba, au kwa walionyamaza, ni ya kweli na haihitaji kuombewa msamaha. Mara nyingi huchanganyika na msiba, kwa sababu wengi wenu mmezika wazazi.

Kutojali unakokueleza huwa ni huzuni iliyokosa pa kutokea. Kijana anajiambia: nimeshaharibika, nichunge nini? Hapo ngono na pombe huwa njia ya kujiumiza. Huu ni ugonjwa wa moyo kuvunjika na unatibika. Omba kuonana na mshauri nasaha, na uliza kama kuna kikundi cha vijana waliozaliwa na VVU. Kukaa chumba kimoja na watu kumi wenye chupa inayolia kwenye begi kunafanya kitu ambacho ushauri wetu haukifanyi. Ukipata mawazo ya kujiua, usisubiri siku ya kliniki. Mwambie mtu leo.

Mtu mzima ananipa pesa na anataka tulale pamoja. Anasema kwa hali yangu sitapata mwingine.

Anakudanganya, na anatumia hofu yako. Kama hujafikisha umri wa mtu mzima, anafanya kosa, hata kama ni ndugu, mwalimu au mtumishi wa kliniki. Mwambie mtu mzima mwingine. Kama ameshakulazimisha, nenda kituo cha afya mapema: kuna matibabu ya magonjwa ya zinaa, kinga ya mimba na ushahidi wa kuchukuliwa. Kosa ni la kwake.

Mimi ni mlezi. Nianze lini kuzungumza naye?

WHO inashauri mtoto wa umri wa shule aambiwe hali yake, kidogo kidogo kadiri anavyoelewa, na ajue kabla ya kufika miaka 12. Mazungumzo ya mapenzi yafuate hapo hapo. Usimwambie "wewe usiguse mwanamume" au "wewe huna kuoa". Atakachosikia ni kwamba hapendeki, na atakwenda kutafuta jibu kwa mwingine. Mwambie anaweza kupenda, kuoa au kuolewa na kuzaa, na kwamba dawa ndiyo inayomfungulia hayo. Kama ninyi ni wazazi wake, mwambieni pia ilivyokuwa kwenu. Wengi husubiri neno hilo miaka.

Nitaweza kuzaa mtoto asiye na VVU?

Ndiyo. Mama aliyefubaza virusi tangu kabla ya mimba na akaendelea hivyo, hatari ya mtoto kuambukizwa tumboni na wakati wa kuzaliwa ni chini ya 1%. Mtoto hupewa dawa za kumkinga akizaliwa, na mama anaweza kunyonyesha akiendelea na dawa zake, ingawa katika kunyonyesha hatari haishuki hadi sifuri na miongozo ya nchi hutofautiana. Kwa baba mwenye VVU aliyefubaza, mimba hutafutwa kama kawaida.

Nimeacha dawa muda mrefu na naona aibu kurudi kliniki.

Rudi. Wanaokuhudumia wameshapokea wengi waliorudi, na kama yupo atakayekufokea, omba kuonana na mwingine. Sema ukweli kuhusu muda ulioacha, kwa kuwa ndio unaowaongoza katika vipimo. Utapimwa hali yako kwa ujumla, utaangaliwa kama una kifua kikuu, kisha utaanzishiwa dawa, na baada ya miezi kadhaa kipimo kitaonyesha kama virusi vinashuka. Kama havishuki, zipo dozi nyingine. Mpaka majibu yatoke, tumia kondomu kila mara. Chupa zilizobaki nyumbani usizitupe. Nenda nazo, hata zile ambazo hazijafunguliwa.